Sura ya Sita: Mrithi wa DT

Daraja la Katunguru limejengwa pale mfereji wa Kazinga unapoyachukua maji ya Ziwa George na kuyapeleka Ziwa Edward, na anayelivuka ana mbele yake karibu kila aina ya njia ambayo pikipiki hukutana nayo Afrika Mashariki. Kaskazini kuna lami ya kwenda Kasese. Kikorongo lami nyingine inakata kushoto kuelekea Kinyamaseke, Bwera na mpaka wa Mpondwe, na kutoka hapo zinachepuka njia za milimani za kwenda Kyarumba, Kyondo na Ihandiro, ambako gari dogo hufika kwa taabu na siku za mvua kubwa halifiki. Kusini mwa daraja kuna barabara ya vumbi ya Ishasha, inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na kugeuka tope zito mvua zikishika. Maziwa yako kwenye mita 900 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kahawa ya Wakonzo imepanda mlimani hadi karibu na mita 2,000, chini ya Rwenzori ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Mtu mwenye kazi ya kuwafikia watu wa sehemu zote hizo anahitaji pikipiki moja inayokwenda kwenye lami bila kumchosha, inayopita topeni bila kumwangusha, na inayobeba mzigo wa kazi yake siku nzima.

Pikipiki hiyo ilikuwapo. Katika miaka ya 1980 na 1990, idara za serikali, miradi ya maendeleo, makanisa na mashirika ya misaada nchini Uganda yaliwapandisha watumishi wao Yamaha DT 125, na dada yake wa shambani, Yamaha AG 100. DT ilikuwa na injini ya mipigo miwili ya sentimita za ujazo 123, iliyopozwa kwa upepo tu, na uzito wa kilo mia hivi. Tairi lake la mbele lilikuwa la inchi 21, jembamba na refu, lenye kupanda juu ya jiwe badala ya kujigonga. Ekzosti ilipita juu, mbali na maji ya kijito. Umeme wa cheche ulitoka kwenye injini yenyewe, kwa hiyo betri ikifa safari haikufa. AG 100 iliongeza keria mbele na nyuma, vyuma vya kukinga miguu, na kifuniko kilichoificha cheni yote isile mchanga. Kwa mganga wa chanjo, bwana shamba au katekista aliyekuwa na vigango kumi mlimani, mashine hizi ndizo zilizofanya kazi iwezekane. Wanaozikumbuka kwa mapenzi wana haki, na sura hii haikusudii kuwaambia kwamba wanaota ndoto za zamani.

Swali ni nini kichukue nafasi yake, na ugumu wa swali unatokana na njia ambayo soko limefuata. Ile kazi moja iliyofanywa na DT imegawanywa. Upande mmoja wako watengenezaji walioigeuza pikipiki ya nyika kuwa kubwa na nzito. Yamaha XT 500 iliyotoka mwaka 1976, ambayo Cyril Neveu aliipanda na kushinda mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar mwaka 1979, ilikuwa na silinda moja na muundo ambao fundi wa kijijini angeuelewa. BMW ilileta R 80 G/S mwaka 1980, ikafungua njia ya pikipiki za safari zenye silinda mbili. Mjukuu wake, R 1250 GS, ana uzito wa kilo 249 akiwa na mafuta. Hata Yamaha Ténéré 700, inayosifiwa kwa kurudia unyofu wa zamani, inazidi kilo 200. Upande wa pili ziko pikipiki za India, Bajaj Boxer na TVS, nyepesi na rahisi, zilizotengenezwa kwa ajili ya mji na barabara iliyosawazishwa, ambazo zimeijaza nchi nzima. Katikati, pale DT ilipokuwa imekaa, pamebaki pembamba.

Ili kuchagua lazima kwanza tukubaliane kipimo. Mimi nadai kwamba pikipiki ya kazi ipimwe kwa kilomita mbaya kuliko zote katika njia yake, kisha kwa umbali uliopo kati ya mahali inapoweza kuharibika na mahali spea yake inapopatikana. Wengi hupima kwa kilomita ya kawaida. Wanasema: sehemu kubwa ya safari ya mtumishi wa Kasese ni lami, basi anunuliwe pikipiki ya lami. Lakini kazi haiko kwenye lami. Tarehe 11 Juni 2019 ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo alikuwa na ebola. Alikuwa amepelekwa kwanza Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera. Kufuatilia waliogusana na mgonjwa wa ebola maana yake ni kumtembelea kila mtu aliyeandikwa, kila siku, kwa siku 21. Mfuatiliaji hachagui nyumba. Nyumba moja iliyo juu ya mteremko wa udongo mwekundu ina uzito sawa na nyumba ishirini za kando ya lami, na pikipiki iliyozifikia ishirini ikashindwa moja imeshindwa kazi.

Kwa kipimo hicho pikipiki kubwa zinaondoka mapema. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, yalizoa nyumba na madaraja, yakaiharibu Hospitali ya Kilembe. Baada ya maji ya namna hiyo, njia ni kile ambacho watu wameweka: magogo mawili, au mawe yaliyopangwa mtoni. Pikipiki ya kilo mia na ishirini, watu watatu wanaibeba. Ya kilo mia mbili na hamsini haibebeki, na ikianguka kwenye mteremko mwendeshaji aliye peke yake haiinui. Tena hakuna duka la spea kati ya Mbarara na Mpondwe linalowekeza pesa katika vifaa vya mashine ambayo mteja wake anapita mara moja kwa mwaka akielekea kutazama sokwe. Ni mashine nzuri kwa safari zake, na nimemaliza nayo.

Boxer ni hoja nzito zaidi, na inastahili kujibiwa kwa heshima, maana imefanya kazi kubwa. Mwenye kuitetea anasema: tazameni vijana wa boda boda wa Bwera na Kisinga. Wanapanda kila kilima, wamebeba magunia ya kahawa, ndizi, mabati, mgonjwa na msindikizaji wake, na wanarudi salama. Kama Boxer inafika, kwa nini kutafuta kingine? Ni kweli inafika. Lakini tuulize inafika kwa gharama gani, na nani analipa. Ekzosti yake inapita chini, pale jiwe linapogonga. Magurudumu yake ya inchi 17 ni madogo kwa njia ya mawe. Yanaingia katika kila shimo ambalo gurudumu la inchi 21 lingelivuka, na kipigo kinakwenda kwenye rimu, kwenye spoki, kwenye shokomzoba mbili za nyuma na kwenye mgongo wa mtu. Mwendeshaji wa boda analipia uchakavu huo kidogo kidogo kutoka katika nauli, na ana uhuru ambao mtumishi hana: akiona mvua imeshika anapandisha bei, au anakataa safari. Anayebeba sanduku la chanjo lenye barafu inayoyeyuka hana uhuru huo. Kuna pia suala la uchovu, ambalo watu wa manunuzi hawaliandiki popote. Anayeamka Katunguru, akafanya kazi Kyondo na kurudi jioni, anapita tena ndani ya hifadhi saa ambazo viboko na nyati wanavuka barabara. Mikono iliyotetemeshwa kutwa nzima haishiki breki upesi.

Hata hivyo, Boxer imetupa kitu ambacho DT haikutupa kamwe, na hapa ndipo hoja yangu yote inaposimama. Imewafundisha mafundi. Zamani DT iliyokufa Ihandiro ilisubiri fundi wa mradi atoke Kasese au mbali zaidi. Leo kila kituo chenye boda kumi kina kijana mwenye boksi la spana anayejua kurekebisha valvu, kubadilisha ringi na pistoni, kusafisha kabureta, kupanga klachi. Alijifunza yote kwenye injini ya silinda moja, mipigo minne, valvu mbili, inayopozwa kwa upepo. Injini ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyo ndani ya pikipiki mbili au tatu za nyika ambazo bado zinatengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Kwa hiyo anayetafuta mrithi wa DT hana haja ya kuanza na mikono mitupu: ujuzi umekwisha kusambaa mpaka kijijini, ingawa ulisambazwa na pikipiki nyingine.

Kabla ya kuzitaja, nijibu wanaosema tusitafute mrithi, tuzifufue DT zenyewe. Hamu yao naielewa. Injini ile ina vipande vichache, na aliyebadilisha pistoni na ringi amerudisha karibu nguvu yote. Lakini tuwe wakweli juu ya mipigo miwili katika nchi ya milima. Injini hiyo huchoma mafuta ya kulainisha pamoja na petroli, na sehemu ya mchanganyiko huo hutoka bila kuungua. Moshi wake ndio uliozifanya sheria za Ulaya na kwingineko kuziondoa pikipiki za aina hiyo barabarani. Hilo wengine watasema ni mambo ya Ulaya. Basi tuzungumze juu ya mteremko. Injini ya mipigo miwili haizuii mwendo sawasawa unapoteremka na gia. Mzigo wote unaangukia breki, na breki za DT za zamani zilikuwa za ngoma mbele na nyuma, zinazochoka zikipata moto na kupoteza nguvu zikiingia maji. Zaidi ya hapo, pampu ya oili ya DT inatoa oili kwa kadiri unavyofungua mafuta. Kwenye mteremko mrefu mafuta yamefungwa, injini inazunguka kwa kasi, na oili inaingia kidogo. Wazee wa pikipiki walijua kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda ili kuinywesha injini. Mtumishi mpya hajui, na pistoni inakamata. Mipigo minne imeboresha hali ya anayeshuka kutoka Kyarumba, wala si jambo dogo. Kisha kuna umri. Fremu ambayo imepigwa na mawe kwa miaka thelathini ina nyufa ambazo rangi mpya inazificha. Mwenye DT yake nzuri aitunze na kuipanda. Lakini taasisi isipange kazi ya miaka kumi juu ya vyuma ambavyo havitengenezwi tena.

Kuhusu umeme, naamini siku yake itafika, na pengine Kasese itatangulia wilaya nyingi, kwa sababu mito ya Rwenzori inazalisha umeme hapo hapo: kituo cha Bugoye peke yake kina megawati 13, na mto Mobuku umetumika tangu enzi za mgodi wa shaba wa Kilembe. Askari wa hifadhi angefaidika na pikipiki isiyo na kelele. Wazo hilo lilijaribiwa Afrika Kusini: kampuni ya Cake ya Sweden ilitengeneza pikipiki ya umeme ya kupambana na majangili kwa kushirikiana na Southern African Wildlife College. Februari 2024 kampuni hiyo ilifilisika. Mfano huo haushtaki umeme wenyewe. Unaonyesha jinsi mashine inavyoweza kuwa bora na bado ikamwacha mtumiaji njiani, kwa kuwa betri yake, programu yake na vifaa vyake vilitoka mlango mmoja, na mlango ukafungwa. Kampuni za Afrika Mashariki zinazouza pikipiki za umeme zimejenga vituo vya kubadilishia betri kwanza mijini, kama biashara inavyodai. Mpaka betri iweze kubadilishwa Kinyamaseke, na mpaka itoshe kupanda Kyondo na mzigo na kurudi, umeme ni wa lami na wa mjini.

Yanabaki majina machache. Honda XR 150 L ina injini ya sentimita za ujazo 149, uzito wa kilo 129 hivi, tangi la lita 12, breki ya sahani mbele, tairi la inchi 19 mbele na 17 nyuma. Yamaha XTZ 125 ni ndogo kwa injini, lakini imebaki na magurudumu ya DT, inchi 21 mbele na 18 nyuma. Yamaha pia imeendeleza ukoo wa AG kwa injini za mipigo minne, AG 200 ikiwa mfano, yenye keria zake za chuma. Uganda imewahi pia kuwapandisha watumishi wake wengi Jialing ya China, yenye umbo la Honda za nyika za zamani. Umbo lilikuwa sahihi, na funzo lake ni kwamba umbo peke yake halitoshi spea zikikauka. Kati ya hizi, kwa anayefanya kazi ya Katunguru hadi Bwera na milima yake, nachagua XR 150 L. Ina nguvu ya kwenda na magari kwenye lami bila injini kulia, inasimama vizuri, na injini yake haina siri kwa fundi wa Boxer. Kwa anayeishi milimani na kugusa lami mara chache, XTZ 125 ni bora, kwa ajili ya lile gurudumu la mbele. Ukiagiza, hakikisha toleo unalouziwa lina kiki pamoja na kitufe cha kuwashia.

Kuna atakayeniuliza kwa nini nachagua injini za kabureta zama hizi. Ni kweli kwamba mfumo wa kuingiza petroli kwa umeme hujirekebisha wenyewe kadiri unavyopanda, ilhali kabureta iliyopangwa vizuri ziwani huwa na petroli nyingi mno kwa hewa nyembamba ya mlimani. Injini inazubaa na plagi inapata masizi. Hata Kawasaki KLR 650, iliyodumu na kabureta tangu mwaka 1987 mpaka 2018, iliporudi sokoni ilirudi na mfumo huo. Lakini kati ya mita 900 na 2,000 hasara ni ndogo, mtu anaisikia na kuivumilia. Hasara ya upande wa pili haivumiliki: petroli ya chupa ya kando ya barabara huwa na maji na takataka, na uchafu ule ule ambao fundi anautoa kwenye kabureta kwa bisibisi na pumzi unaweza kuiua pampu ambayo hana kifaa cha kuipimia. Mafuta safi yakifika kila kituo cha mlimani, nitabadili shauri.

Pingamizi la mwisho ndilo kubwa: spea za Boxer ziko kila duka, za XR na XTZ haziko. Ni kweli, na kwa mtu binafsi anayenunua kwa pesa zake bila njia ya uhakika ya kuagiza vifaa, Boxer 150 iliyofungwa chuma cha kukinga injini na tairi za meno ndiyo chaguo la busara, pamoja na kasoro zake zote nilizozitaja. Taasisi haina udhuru huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Barry Coleman na mwanamashindano Randy Mamola walikwenda Somalia, wakakuta pikipiki za afya zikiwa zimetupwa, nyingi zikiwa changa, kwa kukosa matunzo madogo ambayo hayakupangwa na mtu. Kutokana na hali hiyo likaanzishwa shirika la Riders for Health, lililoonyesha katika nchi kama Lesotho, Zimbabwe na Gambia kwamba pikipiki ya nyika ikibadilishiwa vifaa kwa ratiba, kabla havijafa, inaweza kufanya kazi kwa miaka bila kumwacha mtu njiani. Spea zinazomalizika kwa ratiba zinajulikana tangu siku ya kwanza: plagi, chujio la hewa, nyaya za klachi na mafuta, viatu vya breki, cheni na meno yake, tyubu, ringi na gasketi. Za mwaka mzima zinaingia kwenye kabati moja. Wakati wa DT tulihitaji kabati na fundi. Sasa fundi yupo tayari Bwera, na kabati ndilo linalokosekana. Hilo ni jambo la kuamuliwa katika kikao kimoja cha bajeti.

Kwa hiyo wewe unayekaa katika kamati ya manunuzi ya wilaya, dayosisi, chama cha ushirika au hifadhi, usikubali zabuni inayotaja idadi ya pikipiki peke yake. Andika humo spea za miaka miwili, zikae Bwera na Katunguru. Andika siku za mafunzo kwa mafundi wa vituoni. Gharama zikizidi bajeti, punguza idadi ya pikipiki: nane zinazotembea zitafika nyumba nyingi kuliko kumi na mbili ambazo nusu zimeegeshwa nyuma ya ofisi.